Nuru ya Kuonea na Nuru ya Kupambia

Anayetoka Magole kuja Turiani usiku siku hizi hukutana na jambo ambalo sisi wa rika la wazee hatukulitarajia. Kandokando ya barabara, nyumba baada ya nyumba, kuna mstari wa nuru ya buluu, au ya kijani, au ya zambarau, uliofuata ukingo wa dari ya baraza. Kinyozi ameuzungushia kioo chake. Mwenye baa ameupitisha chini ya kaunta, kisha akauviringisha kwenye shina la mwembe ulioko uani. Jirani yangu mmoja ameuficha ndani ya dari ya jasi sebuleni, hata mgeni haoni taa yenyewe, anaona mwanga tu ukishuka ukutani. Hiyo ndiyo mikanda ya taa za LED. Huuzwa ikiwa imeviringishwa, aghalabu meta tano tano, na mgongoni ina gundi, basi hata mtoto aweza kuibandika.

Baadhi ya walimu wastaafu wenzangu huuita mtindo huu ulimbukeni. Mimi nimefundisha historia kwa miaka mingi, shuleni na baadaye chuo cha ualimu, na jambo hili naliona kwa jicho jingine. Najiuliza: ni tangu lini mtu wa kawaida katika nchi hii akawa na nuru ya ziada, nuru isiyo na kazi nyingine ila kupendeza?

Nuru ya namna hiyo zamani ilikuwa ya wakubwa. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, nalo ndilo likawa jumba la kwanza kisiwani kuwekewa taa za umeme. Mbele yake, kuelekea bahari, ulisimama mnara uliokuwa na safu nyingi za taa, hata mabaharia wa Kiingereza wakaufananisha na mti wa Krismasi. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga mahali hapo katika vita ambavyo havikutimiza saa moja, na mnara ule ukaharibiwa. Nataka msomaji azingatie kwamba taa zile zilitazama bahari, zionwe na wageni waliokuwa wakiingia bandarini. Mtu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, alilala na kibatari chake.

Huku bara, umeme uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu za mji walimokaa wao. Mwaka 1931, chini ya Waingereza, yakaandikishwa makampuni mawili ya umeme, na mojawapo ndilo lililotupatia jina la TANESCO. Hayo yalikuwa mambo ya mijini. Hapa kwetu, chini ya milima ya Nguru, nuru ya umeme tuliyoifahamu ilikuwa ya kiwanda cha sukari cha Mtibwa, ambacho huchoma makapi ya miwa kupata mvuke, na kwa mvuke huo hupata umeme. Usiku ungeweza kusimama mlimani ukakiona kiwanda kinang'aa bondeni kama meli, na huku nyuma yako kijiji kizima kiko gizani.

Kijijini tulikuwa na ngazi tatu za nuru. Ya chini ilikuwa koroboi, kopo lenye utambi na moshi mwingi, ambayo asubuhi ilituachia masizi puani. Ya kati ilikuwa chemli yenye kioo. Ya juu ilikuwa karabai, na hiyo yafaa niieleze kidogo kwa ajili ya vijana. Mafuta yalisukumwa kwa pampu mpaka yakapanda kama mvuke, yakawaka ndani ya kijiwavu cheupe. Kijiwavu kiliungua siku ya kwanza kikabaki jivu tupu, lakini jivu lile ndilo lililong'aa. Ukiligusa kwa kidole limekwisha. Karabai moja ilitosha harusi. Iliazimwa kutoka kwa mwenye duka, ikaja na mtu wake wa kuipampu, naye alikula kabla ya wageni. Ikianza kufifia ngoma ilisimama, watu wakamtazama yeye. Na mvua za kwanza zilipoleta kumbikumbi, watoto waliweka beseni la maji chini ya taa, wakapata kitoweo cha kesho.

Harusi zile zilipambwa kwa kanga, kwa migomba, kwa maua ya karatasi. Kwa nuru hatukupamba, kwa sababu nuru ilipimwa kwa chupa. Katika miaka ya shida, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hata hiyo chupa moja ya mafuta ya taa ilikuwa ya foleni. Nimewaona wanachuo wanane wakiandika maandalio ya somo kwa chemli moja, aliye mbali akiandika karibu kwa kukisia. Ndiyo maana, nilipokuwa kijana Morogoro mjini na kuwaona Wahindi wenye maduka wakipanga vitaa vya udongo ukutani usiku wa Diwali, sikuona uzuri. Nilikuwa nikihesabu mafuta.

Bwawa la Kidatu, lililoko mkoani mwetu, lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na nyaya zake zikapita juu ya vijiji vingi kwenda Dar es Salaam. Ukaja mgawo wa miaka ya tisini, na mwingine wa 2006, na mwingine wa 2011. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya 2005, ulianza kazi 2007, na nguzo zikaanza kutufikia tuliokuwa tumezoea kuziona zikipita. Hata hivyo aliyefikiwa alitundika balbu moja katikati ya sebule na kuizima mapema. Balbu ile ya waya ilikula wati 60 na sehemu kubwa ya wati hizo ikageuka joto.

Kilichobadili mambo hakikuanzia kwetu. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza diodi iliyotoa nuru nyekundu ya kuonekana. Wenye redio kubwa tuliijua, kile kijicho chekundu kinachoonyesha kwamba chombo kinawaka. Ikafuata ya kijani. Lakini ya buluu ilikataa kwa miaka thelathini hivi, na bila buluu huwezi kupata nyeupe. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio walioipata, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ukipaka diodi ya buluu unga wa njano unaong'aa, hutoa nuru nyeupe. Ukiweka nyekundu, kijani na buluu pamoja, unachanganya rangi upendavyo kwa kubonyeza kitufe.

Mkanda wa kawaida una diodi 60 kila meta, na kila tatu zina alama unapoweza kukata kwa mkasi. Meta tano hula kama wati 24. Ukiwasha saa sita umetumia uniti 0.144, balbu ya zamani ingetumia 0.36. Tena hutumia volti 12, sawa na betri ya gari. Ndiyo sababu hata huko juu mlimani, ambako nguzo hazijapanda, utaona baraza limezungukwa na nuru kutoka kwenye betri iliyochajiwa na jua mchana.

Sisemi kwamba yote ni mazuri. Nuru ya buluu chumbani huchelewesha usingizi, na mkanda usiotengenezwa kwa ajili ya nje hufa mvua za masika zikianza. Kando ya mashamba ya mpunga zamani tuliwatazama vimulimuli. Mwangaza ukizidi, hawaonekani. Hayo ni malalamiko ya haki. Lile la ulimbukeni silikubali. Anayesema mjane asipambe baraza lake hakumwambia Sultani neno hilo.

Mjane ninayemsema yuko kweli, karibu na kwangu. Mwanawe alimletea mkanda kutoka mjini, wa rangi ya dhahabu, akaubandika barazani. Mmoja wa wenzangu, tulipokwenda kumjulia hali, alimshauri auhamishie jikoni upate kumfaa.

"Mwalimu," alimjibu, "ya kuonea ninayo. Hii ni ya kutazama."

Akatuwekea mkeka chini yake tukakaa. Saa tatu aliizima, kwa sababu uniti zilikuwa zimebaki mbili.