Kura ya Mapema: Nani Huipiga, na Nani Hulinda Sanduku?

Mtu akisema "nitapiga kura mapema", wengi wetu tunaelewa kwamba ataamka alfajiri, awahi foleni kabla jua halijakuwa kali. Mapema kwetu kwanza ni asubuhi, ni kuwahi. Ndiyo maana wasimamizi wa uchaguzi wanapowahimiza wananchi wajitokeze mapema, hakuna anayefungasha safari ya kituoni siku moja kabla. Kura ya mapema ni jambo jingine. Ni kura inayopigwa kihalali kabla ya siku ya uchaguzi yenyewe, ndani ya kituturi kilekile, kwa karatasi yenye majina yaleyale, kisha ikakaa sandukuni ikisubiri siku ya kuhesabiwa.

Istilahi hii ina majirani wanaoichanganya. Wa kwanza ni uchaguzi wa mapema, jina ambalo vyombo vya habari hulitumia kwa mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Rishi Sunak alipotangaza Mei 2024 kwamba Uingereza itapiga kura tarehe 4 Julai badala ya kungoja muda wa Bunge umalizike, huo ulikuwa uchaguzi wa mapema: siku yenyewe imesogezwa kwa taifa zima. Wamarekani wanapopanga foleni Oktoba kwa ajili ya uchaguzi wa Novemba, siku haijasogezwa hata kidogo. Ni wapiga kura waliotangulia. Mtangazaji anayesema "uchaguzi wa mapema umeanza Georgia" amempa msikilizaji habari isiyokuwepo.

Jirani wa pili ni kura ya awali. Nimeona baadhi ya waandishi wakiipendelea kwa kuwa inasikika rasmi zaidi, lakini awali kwenye siasa imeshachukuliwa na uteuzi wa ndani ya vyama. Hata huko kwenyewe mambo hayajatulia. Tanzania Bara, wana-CCM wanaomtafuta mgombea wao hupiga kura za maoni; Wakenya huziita za mchujo; na Zanzibar tarehe 31 Julai 2010, kura ya maoni ilikuwa ni kuwauliza wananchi wote kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Msamiati wetu wa uchaguzi umejaa maneno yanayobeba mizigo miwili mitatu, na kuuongezea jingine ni kumwonea msomaji. Kura ya mapema ibaki. Tukizungumzia utaratibu mzima tuseme upigaji kura wa mapema. Tukizungumzia karatasi zilizomo sandukuni, tuseme kura za mapema.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, neno hili lina anwani kamili: Zanzibar. Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar Namba 4 ya 2018 ndiyo iliyoingiza kura ya mapema visiwani, na ilitumika kwa mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu. Ikarudiwa tarehe 28 Oktoba 2025, tena siku moja kabla. Haikuwekwa kwa kila mtu. Ni kwa wale ambao kazi ya uchaguzi yenyewe ingewanyima nafasi ya kupiga kura: wasimamizi na watendaji wa vituo, watu wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, na askari watakaokuwa zamu.

Hoja ya msingi hapo ni ya haki, na sioni sababu ya kuizungusha. Fikiria askari aliyeandikishwa Chake Chake akapangiwa kulinda kituo Nungwi. Jina lake limo katika daftari la Pemba, mwili wake uko Unguja, na kati yao kuna bahari. Au karani wa kituo anayefika kabla ya mawakala wa vyama na kuondoka usiku, baada ya fomu ya mwisho kutiwa saini. Siku nzima anapaka wino kwenye vidole vya wenzake, chake kimebaki kikavu. Mtu huyu ni raia. Nchi inayomtumia kuendesha uchaguzi halafu ikamwambia kura yake imepotea kwa sababu ya utumishi wake imemdhulumu. Nchi nyingi zinaruhusu watu wa namna hii watangulie, Ghana ikiwa mojawapo: mwaka 2024 askari, watendaji wa uchaguzi na wanahabari walipiga kura tarehe 2 Desemba, na wananchi wengine tarehe 7.

Kwa nini basi, Zanzibar, jambo lenye hoja nzuri hivi limekuwa kidonda? Jibu linaanzia nyuma ya 2018. Visiwa hivi vimebeba uchaguzi mmoja baada ya mwingine wenye matokeo yanayobishaniwa tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi na watu wakapiga kura mwaka 1995. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi uliotangulia. Tarehe 28 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi mzima wakati matokeo yakiwa yanaendelea kutangazwa, na ukarudiwa Machi 2016 bila chama kikuu cha upinzani kushiriki. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, kuongeza usiku mmoja kati ya kura na hesabu hakuwezi kuchukuliwa kama marekebisho ya ratiba tu.

ACT-Wazalendo, chama cha upinzani, walipinga kura ya mapema tangu mwanzo wakisema ni mlango wa wizi. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa mgombea wao wa urais wa Zanzibar mwaka 2020, alichukua msimamo kwamba kama watu wanapiga kura tarehe 27, basi kila mwenye haki apige tarehe 27. Alikwenda kituo cha Garagara siku hiyo, na polisi wakamkamata. Mwaka 2025 mgombea wa chama hichohicho, Othman Masoud Othman, naye aliipinga. Mtu anaweza kukubali au kukataa madai yao, lakini maswali wanayouliza ni ya kweli na yanajibika: ni watu wangapi wana sifa ya kutangulia? Majina yao yamebandikwa wapi? Nani amehakikisha kwamba aliyepiga jana hapigi tena leo? Na sanduku lililala wapi?

Hili la sanduku linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo uaminifu unapopimwa kwa vitu vya kushikika. Kura ikihesabiwa kituoni jioni ileile, wakala ameliona sanduku tupu asubuhi, amekaa nalo siku nzima, na ameona karatasi zikimwagwa mezani. Macho yake hayakukatika. Kura ikilala, mnyororo huo unakatika, na kinachobaki kuuunganisha ni lakiri. Sanduku hufungwa kwa lakiri zenye namba. Wakala anayejua kazi yake huandika namba hizo kwenye daftari lake, huhesabu karatasi zilizotumika na zilizobaki, hutaka nakala ya fomu yenye hesabu hizo, na kesho yake kabla sanduku halijafunguliwa husoma namba moja moja kulinganisha. Namba zikitofautiana, kuna la kujibu. Zikilingana, mashaka yanapungua hata kwa asiyempenda mshindani wake. Wakala asiporuhusiwa kuyafanya haya, au asipofunzwa kuyafanya, usiku mmoja unatosha kuharibu imani ya miaka mitano.

Sasa tuvuke kwenda kwenye ile kura ya mapema inayosikika zaidi redioni, ya Marekani. Jina ni hilohilo, ila kitu kimegeuka. Huko katika majimbo mengi ni haki ya kila mpiga kura, bila kueleza sababu, kwa siku kadhaa au wiki kadhaa. North Carolina, kwa mfano, hufungua vituo kwa siku 17. Chanzo chake ni kwamba sheria ya 1845 iliweka uchaguzi wa rais Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, na Jumanne ni siku ya kazi. Mfanyakazi wa kiwandani mwenye zamu ya saa kumi na mbili, muuguzi, mama asiye na wa kumwachia mtoto, wote hao siku moja iliyowekwa kwa hesabu za wakulima wa karne ya 19 iliwabana. Mwaka 2020, katikati ya korona, zaidi ya watu milioni 100 walikuwa wamepiga kura kabla ya siku yenyewe, vituoni au kwa posta, maana huko kura ya posta nayo huhesabiwa kuwa ya mapema. Kwa utaratibu huu foleni za siku ya mwisho zinaweza kupungua, mitambo ikiharibika inaweza kutengenezwa kukiwa na muda bado, na aliyekosewa jina daftarini hupata siku za kurekebisha. Faida hii ya mwisho naiona kubwa kuliko inavyosemwa: kosa linalogunduliwa saa kumi jioni ya siku ya uchaguzi halina dawa, na lile lililogunduliwa wiki moja kabla lina dawa.

Hasara zake nazo si za kubuni. Machi 2020, Pete Buttigieg alijitoa katika mchujo wa urais wa chama cha Democratic tarehe 1, Amy Klobuchar tarehe 2, na tarehe 3 majimbo 14 yalikuwa yanapiga kura. California ilikuwa imeshaanza kutuma karatasi tangu mwanzoni mwa Februari. Watu waliokuwa wamewachagua wawili hao waliamka siku ya uchaguzi wakiwa na kura halali kwa wagombea wasiogombea. Kwa jimbo la Montana somo lilikuwa kali zaidi. Usiku wa tarehe 24 Mei 2017, Greg Gianforte, mgombea ubunge, alimwangusha chini mwandishi wa habari wa gazeti la Guardian. Uchaguzi ulikuwa kesho yake. Zaidi ya nusu ya kura zilikuwa zimeshatumwa kwa posta. Wapo waliotaka kubadilisha kura yao wakaambiwa haiwezekani. Gianforte alishinda, na mwezi uliofuata akakiri kosa mahakamani.

Wasweden wameliona tatizo hili na wakalitafutia njia. Kwao mtu anaweza kupiga kura kuanzia siku 18 kabla, lakini akibadili mawazo anaruhusiwa kwenda kwenye kituo chake siku ya uchaguzi na kupiga upya. Bahasha yake ya kwanza inawekwa kando bila kufunguliwa. Estonia, inayopiga kura kwa intaneti tangu 2005, nayo inaruhusu mtu abadilishe. Kiswahili hakijawa na jina la kura hii, na ninapendekeza kura ya kughairi. Kughairi ni kitenzi tulicho nacho cha kuacha nia ya kwanza, na hakimlaumu aliyebadilika.

Kuna imani kwamba siku zikiongezwa wapiga kura wataongezeka tu. Barry Burden na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walichapisha mwaka 2014 utafiti uliofikia kinyume chake: upigaji kura wa mapema ukiwa peke yake ulielekea kupunguza mahudhurio. Maelezo yao yanaingia akilini. Siku moja ya uchaguzi inasukuma watu: jirani anakupitia, vyama vinapeleka magari, mtaa mzima uko nje. Ukiisambaza kwa wiki tatu, msukumo unapoa.

Kwa vyama vya kwetu, ugumu ni wa pesa. Wakala anahitaji nauli, chakula na posho. Chama chenye serikali hakishindwi kuweka mawakala siku 17. Chama kichanga kinahangaika kupata wa siku moja. Anayetaka kura ya mapema ya wiki nzima katika Afrika Mashariki aeleze kwanza nani atalipia macho ya wale wasio na kitu. Bila hivyo siku nyingi ni siku nyingi za upande mmoja kuwa peke yake na masanduku.

Na hesabu isicheleweshwe. Mwaka 2020 Florida iliruhusu karatasi za posta zikaguliwe kabla, ikatoa matokeo usiku uleule. Pennsylvania ilikatazwa na sheria yake kuzigusa kabla ya asubuhi ya tarehe 3 Novemba. Mshindi wake alifahamika Jumamosi ya tarehe 7, na siku hizo nne zilijazwa uvumi.

Kwa kuwa jina moja limebeba mambo mawili, nadhani wakati umefika wa kuyatenganisha. Kura ya mapema tuiachie ile iliyo wazi kwa kila mwenye haki. Ile ya Zanzibar, inayohusu watu maalumu, ingefaa iitwe kura ya wenye zamu. Kuiita kura maalumu hakutasaidia, maana Mtanzania akisikia maalumu kwenye siasa anafikiria viti maalumu vya wanawake. Wenye zamu inataja wahusika waziwazi, na jina hilo linaleta swali lake palepale: zamu ya nani, wapi, kwa orodha ipi? Orodha hiyo ingebandikwa kwa sheha wiki kadhaa kabla, majina yaliyomo yakawekwa alama katika daftari la kituo walikoandikishwa, na mawakala wa vyama vyote wakapewa nafasi ya kulala na sanduku mpaka asubuhi, askari wa Chake Chake angepata kura yake, na mgombea wa upinzani asingekuwa na sababu ya kwenda Garagara.