Askari wa Viwanda Tofauti, Gwaride Moja

Winston Churchill alipoandika habari za utoto wake katika kitabu cha My Early Life, mwaka 1930, hakulisahau jeshi lake la kuchezea. Askari walikaribia 1,500, wote Waingereza, wote wa kimo kimoja, wamepangwa kama divisheni ya askari wa miguu pamoja na brigedi ya wapanda farasi. Mdogo wake, Jack, aliongoza upande wa adui, lakini kwa masharti: jeshi lake liwe la watu wasio weupe tu, na lisiwe na mzinga hata mmoja. Hapo mshindi anajulikana kabla vita havijaanza.

Kilichonivuta mimi si mizinga aliyonyimwa Jack, ni hicho kimo kimoja. Kwa mtoto wa miaka ya 1880 aliyetaka askari wanaolingana, ilikuwa salama zaidi kushikilia mtengenezaji mmoja, mwaka baada ya mwaka, na wazazi wake wawe na mfuko. Watoto wengi walichanganya. Aliyepewa boksi na mjomba, akarithi wengine kwa kaka yake, akajinunulia wawili watatu dukani, alijikuta na jeshi ambalo jenerali anamfikia koplo kifuani. Na kwa kiasi kikubwa ni watoto hao walioviburuza viwanda. Mfanyabiashara anayetaka kumuuzia mtu ambaye tayari ana askari mia nyumbani hana budi kujua kwanza hao mia wana kimo gani.

Biashara hii ilishika kasi Nuremberg, Ujerumani, katika karne ya 18, kwenye karakana za mafundi wa bati. Johann Gottfried Hilpert na familia yake walitengeneza askari bapa: ukiwatazama ubavuni unaona vifungo vya koti, ukiwatazama usoni unaona mstari. Kalibu zilichongwa kwenye jiwe, bati likayeyushwa na kumiminwa humo. Ernst Heinrichsen, aliyeanza kazi zake mjini humo mwaka 1839, ndiye aliyekata shauri mwaka 1848 kwamba askari wake wa miguu watakuwa wa milimita 30, na wenzake wakamfuata. Tangu hapo mnunuzi aliweza kuchukua wapanda farasi wa karakana moja na wapiga ngoma wa nyingine, wakapangwa mezani bila aibu. Miaka kumi nyuma yake, mwaka 1838, Hans Christian Andersen alikuwa ametoa hadithi ya askari 25 wa bati waliozaliwa na kijiko kimoja kikuukuu, wote sawasawa isipokuwa mmoja aliyekosa mguu kwa kuwa bati liliisha. Hadithi nzuri, ila wakusanyaji wachache sana wana bahati ya kijiko kimoja.

Askari mviringo, wanaotazamika pande zote, walileta vurugu upya. Paris kulikuwa na Lucotte na Mignot, waliotoa askari wa risasi tupu, wazito mkononi na wazito kwa bei. Dresden kulikuwa na Georg Heyde, aliyeuza dunia nzima askari wa kila namna: wanaopika, wanaoparamia ukuta, wanaobeba majeruhi. Vimo vyake vilikuwa vingi mno, na hata ndani ya kiwanda chake mwenyewe mtu angeweza kununua majeshi yasiyolingana. Kiwanda hicho kiliangamia Dresden ilipopigwa mabomu Februari 1945, ndiyo maana askari wa Heyde leo wanatafutwa kwa udi na uvumba.

Aliyeleta utulivu ni William Britain mdogo, wa London, mwaka 1893. Fundi wake alimimina mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni kwenye kalibu, akasubiri kidogo tabaka la nje ligande, kisha akaigeuza kalibu na kumwaga kile kilichokuwa bado maji. Aliyebaki humo ni askari mwenye uwazi ndani, mwepesi, aliyekula madini kidogo. Wajerumani waliouza askari waliojaa walibanwa vibaya na bei yake. Kimo chake kilikuwa milimita 54, na inaelezwa kwamba alikichagua ili askari waendane na treni za kuchezea za geji namba 1 zilizokuwa zikipendwa wakati huo. Yaani tangu mwanzo alimfikiria mtoto anayechanganya askari wa duka hili na treni ya duka lile.

Milimita 54 zikawa sheria isiyoandikwa. Viwanda vingine vya London, kama John Hill & Company, vilifuata kimo hicho, kwani nani angenunua askari wa kusimama peke yao? Wengine hawakuishia kwenye kimo, walinakili askari wenyewe. Mwaka 1902 Britains, kampuni ya William Britain, iliwashitaki Hanks Brothers, na mahakama ikakubali kwamba askari wa kuchezea ni kazi ya uchongaji inayolindwa kisheria. Kesi hiyo haijafa: ilitajwa tena Uingereza katika shauri la kofia za askari weupe wa filamu za Star Wars, lililomalizika Mahakama ya Juu mwaka 2011. Kofia zilishindwa, hazikuhesabiwa kuwa sanamu. Askari wa risasi wa 1902 walikuwa na bahati zaidi.

Sisi huku Afrika Mashariki nasi tumo kwenye maboksi ya Britains. Boksi namba 225 lilikuwa la King's African Rifles (KAR), askari wanane wenye tarbushi nyekundu, bunduki begani, wote wakitembea kwa hatua ile ile. KAR ya kweli, iliyoundwa mwaka 1902, ilikuwa mchanganyiko mkubwa: watu wa Nyasaland, Uganda, Kenya na baadaye Tanganyika, wakielewana kwa Kiswahili cha kambini. Kwenye boksi walitoka wote na sura moja. Britains ilizoea kupunguza gharama hivyo, kiwiliwili kimoja kikitumika kwa vikosi vingi, kinabadilishwa kichwa au rangi tu.

Wapo waliokosekana kabisa, na aliyelalamika kwa sauti ni mwandishi H. G. Wells. Katika kitabu cha Floor Games, mwaka 1911, alisema maduka yamejaa wanajeshi lakini raia hawapatikani, na mji wa kuchezea hauwezi kujengwa kwa wanajeshi peke yao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu walipochoshwa na bunduki, Britains ilitoa wakulima, ng'ombe na mikokoteni, kwa kipimo kinachowiana na askari.

Plastiki ikavuruga tena. Kampuni ya Airfix ilipoanza kutoa askari wadogo mwaka 1959 iliandika kwenye visanduku HO/OO, vipimo viwili vya treni ambavyo haviko sawa: HO ni 1:87, OO ni 1:76. Baadaye wakaandika 1:72. Piga hesabu ya mtu wa sentimita 175: kwa 1:87 ana milimita 20, kwa 1:76 ana 23, kwa 1:72 ana 24 na ushei. Milimita moja ya mwisho inavumilika, kwani hata kwenye jeshi la kweli wapo warefu na wafupi. Nne haziendi, mmoja anaonekana mtoto wa mwenzake. Upande wa askari wa chuma wa michezo ya vita mambo ni mabaya zaidi: waliokuwa milimita 25 wamenenepa taratibu hadi 28, na viwanda havikubaliani hata pa kupimia. Wapo wanaopima kutoka unyayo hadi jicho, wapo wanaofika utosini.

Wanaochanganya kwa mafanikio hawaangalii kimo kwanza. Wanaangalia kichwa, mkono na bunduki. Askari wawili wa kimo kimoja, mmoja ana kichwa cha kawaida na mwingine kichwa kikubwa cha mtindo wa leo, hawatapatana kamwe. Kitako nacho kinadanganya sana: aliyesimama juu ya bamba la milimita mbili anamzidi mwenzake kabla hajapimwa. Dawa yake ni kuwabandika wote kwenye vitako vya unene mmoja, mchanga ule ule, halafu sare zote zipakwe kutoka kikopo kimoja cha rangi. Na kanuni ninayoiona ya busara kuliko zote: changanya jeshi, usichanganye kikosi. Platuni moja iwe ya kiwanda kimoja, ya pili iwe ya kingine, ziachane sentimita kumi mezani, na jicho halitauliza kitu.

Mkusanyaji wa mnadani atakataa yote haya, na ana haki yake. Askari wa Britains waliopakwa rangi upya, au boksi lenye saba wa asili na mmoja wa kuazima, hushuka bei papo hapo.

Siku hizi wengine hawanunui askari, wananunua faili na kuwachapa nyumbani kwa printa ya 3D. Anayetaka wa 1:76 wafikie 1:72 anaandika asilimia 105 na nusu, basi. Ila ukimkuza askari aliyechongwa kwa milimita 15 hadi 28, bunduki aliyonenepeshewa makusudi ili isivunjike inakua pamoja naye, na unapata askari aliyebeba bomba la maji. Huyo anakatwa mikono na kupewa bunduki ya kiwanda kingine.