Kobe wa baba mdogo anavuja oili

Wadau, boom bado, kwa hiyo wikiendi nilikimbilia kwa baba mdogo. Nikamkuta chini ya Volkswagen Beetle yake, gari la 1967. Gasketi za tapeti kava kabadilisha mara tatu, oili bado inadondoka. "Ikishindikana leo, naliuza skrepa."

Sisi watu wa History huwa tunaanzia kwenye chanzo. Ferdinand Porsche alilisanifu Ujerumani miaka ya 1930, silinda nne zimelala, mbili kila upande. Ndiyo maana kava haziko juu ya injini, ziko pembeni chini, na oili inazilalia. Hazina bolti, zinabanwa na waya wa springi, ili kurekebisha valvu kuwe rahisi. Gari hilohilo lilishinda Safari Rally yetu 1954, 1957 na 1962, likaundwa mpaka 2003 kule Mexico, zaidi ya milioni 21.

Sasa kosa liko wapi? Mafundi walibandika gasketi mpya juu ya mabaki ya zamani, wakamwaga silikoni. Tukakwangua yote, tukanyoosha mdomo wa kava uliopinda, tukagandisha gasketi upande wa kava tu. Upande wa injini tukauacha mkavu, ili siku nyingine ifunguke bila kuchanika.

Usiku tukatandika boksi chini. Asubuhi kulia pakavu, kushoto tone moja! Kumbe linatoka kwenye mirija ya pushi rodi, kava ilikuwa inasingiziwa. Baba mdogo kacheka, skrepa kaghairi. Tupo pamoja.