Kustaafu mapema: jinsi nilivyotengeneza lahajedwali langu, na kosa lililotaka kuniacha mikono mitupu



Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunaliwaza kimoyomoyo tukiwa kwenye foleni ya daladala asubuhi: hivi nitaacha lini kazi hii? Simaanishi kufukuzwa wala kupunguzwa. Namaanisha kuondoka mwenyewe, kwa hiari, nikiwa bado na nguvu za kulima na kucheza na wajukuu.

Mimi nina miaka 40, ni mwajiriwa wa sekta binafsi na mwanachama wa NSSF. Mzee wangu alistaafu 2004, akapokea mafao yake kwa mkupuo, akanunua daladala mbili. Miaka mitatu baadaye moja ilikuwa juu ya mawe na nyingine imeuzwa kulipia matengenezo ya ile ya kwanza. Mzee hakuwa mlevi wala mtu wa anasa. Tatizo lilikuwa kwamba hesabu zote alikuwa nazo kichwani, na kichwa kina tabia ya kukubaliana na moyo. Ndiyo maana mimi niliamua yangu iandikwe.

Unachohitaji ni kompyuta na programu ya lahajedwali. Excel inafaa, na LibreOffice Calc ni ya bure kabisa. Hata simu inaweza, ila macho yatakuuma.

HATUA YA KWANZA: JUA UNAKULA KIASI GANI

Usianze na mshahara. Anza na matumizi, maana ukistaafu mshahara unakatika lakini tumbo linabaki. Niliandika kila shilingi kwa miezi mitatu: chakula, LUKU, maji, gesi, nauli, ada, vocha na bando, sadaka, na ile michango yetu ya harusi na misiba ambayo hakuna anayekumbuka kuiweka kwenye bajeti. Jumla ikawa 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka.

HATUA YA PILI: KARATASI YA DHANA

Fungua faili jipya, karatasi ya kwanza iite Dhana. Safu ya A andika majina, safu ya B andika tarakimu:

B1 umri wa leo
B2 umri wa kuacha kazi
B3 akiba uliyonayo
B4 akiba unayoweka kwa mwaka
B5 akiba itapanda kwa asilimia ngapi kila mwaka
B6 matumizi ya mwaka kwa bei za leo
B7 mfumuko wa bei
B8 faida ya uwekezaji
B9 umri wa kuanza pensheni
B10 mkupuo wa mafao
B11 pensheni ya mwaka

Kanuni kuu ni moja: tarakimu yoyote inayoweza kubadilika ikae hapa, isijifiche ndani ya fomula. Kesho ukitaka kujua "je, mfumuko ukipanda?", unabadilisha seli moja tu, karatasi nzima inajipanga upya.

HATUA YA TATU: KARATASI YA MIAKA

Karatasi ya pili iite Miaka. Mstari wa kwanza ni vichwa: A umri, B salio la mwanzo wa mwaka, C akiba, D matumizi, E mafao, F salio la mwisho wa mwaka. Kisha mstari wa 2:

A2: =Dhana!B1
B2: =Dhana!B3
C2: =IF(A2<Dhana!$B$2,Dhana!$B$4*(1+Dhana!$B$5)^(A2-Dhana!$B$1),0)
D2: =IF(A2>=Dhana!$B$2,Dhana!$B$6*(1+Dhana!$B$7)^(A2-Dhana!$B$1),0)
E2: =IF(A2=Dhana!$B$9,Dhana!$B$10,0)+IF(A2>=Dhana!$B$9,Dhana!$B$11,0)
F2: =(B2-D2+E2)*(1+Dhana!$B$8)+C2

Mstari wa 3, A3 andika =A2+1 na B3 andika =F2. Safu nyingine nakili kutoka juu. Halafu buruta mstari wa 3 kwenda chini mpaka umri wa miaka 95. Zile alama za dola ndizo zinazozuia seli za Dhana zisihame ukiburuta, usizisahau. (Kama programu yako inagoma, jaribu nukta mkato badala ya mkato, inategemea mipangilio ya lugha.)

Mwisho, iambie safu ya F iwe nyekundu ikishuka chini ya sifuri. Umri ambao wekundu unaanza ndio umri ambao pesa imekwisha nawe bado unapumua.

SASA KOSA LANGU

Lahajedwali langu la kwanza halikuwa hivi. Lilikuwa jepesi mno. Nilikuwa na akiba ya 40,000,000, naweka 6,000,000 kwa mwaka, nikakadiria faida ya asilimia 10. Nikifika miaka 50 ningekuwa na kama 199,400,000. Asilimia 10 ya hizo ni 19,940,000 kwa mwaka, na mimi natumia 14,400,000. Jamani! Nilifurahi usiku ule nikashindwa kulala. Nikajiona nimeshamaliza maisha: nitakula riba, mtaji hauguswi. Barua ya kumwandaa bosi nilishaanza kuiandika kichwani, na shamba nilishalipigia simu dalali.

Asubuhi nikamwonyesha mama watoto. Akaitazama ile kompyuta kwa muda, akauliza:

"Baba, hiyo milioni moja na laki mbili ni ya bei za lini?"

"Za leo."

"Kwani unaacha kazi leo?"

Nikakosa jibu. Yeye ndiye anayekwenda sokoni, mimi nimezoea kukuta sahani mezani. Tukarudi kwenye seli tukaweka mfumuko wa asilimia 5 kwa mwaka. Baada ya miaka 10, ile 14,400,000 inakuwa 23,456,000 kwa mwaka, karibu 1,955,000 kila mwezi, kwa ugali ule ule na nauli ile ile. Riba haitoshi, kwa hiyo naanza kula mtaji mwaka wa kwanza. Tukaburuta mistari chini. Wekundu ukatokea nikiwa na miaka 60. Ningekuwa nimewatangulia vijana wenzangu kustaafu, halafu nikifika umri ambao wao ndio wanastaafu, mimi ndio naanza kutafuta kazi ya ulinzi.

Hakuishia hapo. Akauliza bima ya afya italipwa na nani nikiondoka, maana sasa hivi analipa mwajiri. Akauliza bati za nyumba zitadumu mpaka lini. Tukaongeza 200,000 kwa mwezi, matumizi yakawa 16,800,000 kwa mwaka.

USICHUKUE ASILIMIA ZA WATU WENGINE

Ukisoma vitabu vya Marekani utakutana na kanuni ya asilimia 4. Aliyeianzisha ni William Bengen, mwaka 1994. Alipitia historia ya hisa na hatifungani za Marekani, akaona mstaafu anayetoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha akapandisha kiasi hicho kwa mfumuko, pesa yake inaweza kudumu miaka 30. Kazi nzuri, lakini ni ya masoko yao na ya miaka 30. Anayestaafu na miaka 50 anaweza kuhitaji miaka 40.

Sisi tuna historia yetu. Mfumuko wa bei Tanzania katika miaka ya 2021 hadi 2024 ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4 na kitu, ndiyo maana 5 yangu ni ya tahadhari. Lakini wakongwe mnakumbuka Desemba 2011, ulipogonga asilimia 19.8. Faida nayo haisimami. Hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilianza 2021 ikiwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na 2022 matoleo mapya yakashushwa hadi 12.56. Aliyenunua mapema aliendelea na riba yake ya zamani, aliyechelewa alikuta mlango umeshapunguzwa. Ukijaza 15 kwenye seli ya B8 kwa sababu jirani yako aliipata, unajidanganya mwenyewe.

NA KIKOKOTOO JE?

Hapa ndipo kelele zote ziliposikika 2018, mpaka Rais Magufuli akasitisha kikokotoo kipya mwezi Desemba mwaka ule. Kilichoanza Julai 2022 kinafanya kazi hivi: chukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora, zidisha kwa miezi uliyochangia, gawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Mkupuo ulikuwa asilimia 33 ya hiyo mara 12.5, na asilimia 67 iliyobaki ndiyo uliyokuwa unalipwa kila mwezi.

Mfano: wastani 24,000,000 kwa mwaka, michango ya miezi 240. Pensheni kamili ni 9,931,034. Mkupuo unakuwa 40,965,517 na pensheni ya mwezi 554,483, sawa na karibu 6,654,000 kwa mwaka. Asilimia hizi zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo nazo zipe seli yake kwenye Dhana. Na hakikisha michango yako imeingia kweli, omba taarifa yako kila mwaka. Kuna waliogundua mashimo ya miezi siku ya kudai.

Kwa anayetaka kuondoka mapema kuna mambo mawili. Kwanza, pensheni inahitaji michango ya miezi 180, na umri wa hiari ni miaka 55, wa lazima 60. Ukiacha na miaka 50, ile mitano unajilisha mwenyewe. Pili, kikokotoo kinaangalia mishahara uliyolipwa. Ukiacha leo, mshahara wako unaganda hapo wakati bei sokoni zinaendelea kutembea.

HESABU MPYA

Tulikaa tena mezani, safari hii wawili. Umri wa kuacha kazi: 55. Akiba: 6,000,000 kwa mwaka, lakini ipande asilimia 5 kila mwaka pamoja na mshahara. Matumizi: 16,800,000 kwa bei za leo. Mfumuko 5, faida 10.

Nikifika 55 salio linasoma kama 418,900,000. Usishangilie, matumizi ya mwaka huo ni 34,900,000. Bila pensheni, wekundu unaanza nikiwa na miaka 71. Nikiweka mafao ya ule mfano hapo juu, unasogea mpaka 79.

Halafu nikafanya jaribio ambalo nawaomba kila mmoja wenu alifanye. Nilishusha faida kutoka 10 hadi 8, mengine yote yakabaki vile vile. Wekundu ukarudi mpaka miaka 70. Asilimia mbili tu zimekula miaka tisa ya uzee wangu! Wakati mwingine hizo asilimia mbili ndizo gharama unazokatwa kimya kimya, au pesa uliyoiacha imelala kwenye akaunti ya kawaida kwa uvivu.

NILICHOJIFUNZA KWA UFUPI

1. Lahajedwali halitabiri kesho. Linakuonyesha ni dhana gani inaweza kukuua.
2. Tengeneza nakala tatu: hali nzuri, ya kawaida na mbaya. Uamuzi wa kuacha kazi ufanye kwa kuangalia ile mbaya.
3. Bei za leo na bei za kesho zisichanganyike kwenye safu moja.
4. Nyumba unayoishi usiihesabu kama akiba, labda una chumba cha kupangisha.
5. Fungua faili kila Januari, weka salio halisi juu ya makadirio, uone ulikosea wapi.
6. Usifanye peke yako. Anayeshika kikapu cha sokoni anajua mfumuko kuliko anayesoma takwimu.

Basi barua ya bosi haikuandikwa. Dalali wa shamba nilimpigia tena kumwambia asubiri. Sitaacha kazi nikiwa na 50, na nakiri iliniuma. Lakini tumepanga chumba cha uani kimalizwe mwaka huu kipate mpangaji, na kodi yake yote iingie kwenye safu ya C. Mzee wangu, ambaye sasa anaishi nasi, alipoiona ile safu nyekundu kwenye kioo aliniuliza ni nini. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yangu ilikuwa inaanza mwaka wa tatu."

Wadau, wenye uzoefu mwageni hapa chini: mnatumia mfumuko wa asilimia ngapi, na mnahesabuje matibabu ya uzeeni? Penye kosa kwenye fomula zangu nikosoeni bila kunionea aibu, heri nikosolewe leo na miaka 40 kuliko nikiwa na 70.

Nawasilisha.