Mpango mkakati wa chuo cha ufundi: kutoka Mombasa ya 1948 hadi Masalani

Leo tunaacha kidogo mambo ya programu na hifadhidata. Nataka tuzungumzie karatasi ambayo vyuo vya umma huiandika kila baada ya miaka michache: mpango mkakati. Wengi huiona ni mapambo ya kabati. Lakini ukiangalia historia, karatasi za mipango ndizo zilizoamua nani Kenya hii atajifunza kuunganisha nyaya na nani atabaki kutazama.

Tuanze mwaka 1965. Serikali ilitoa Waraka Namba 10, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake ilielezwa kwamba fedha za maendeleo ziende kule zitakakoleta faida kubwa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, usafiri na umeme. Sasa pima Masalani, kule Ijara karibu na Mto Tana, kwa kipimo hicho. Ni nchi kavu ya wafugaji. Jibu lilikuwa limeshaandikwa kabla ya swali. Juu ya hayo, Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991.

Mombasa mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1948 Gavana Philip Mitchell alisukuma wazo la chuo cha ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Uingereza wakachangia. Ndipo ikazaliwa MIOME, na masomo yakaanza 1951. Mpango ulijua mambo mawili tangu mwanzo: wanafunzi ni nani, na pesa inatoka wapi.

Uhuru ulipokuja, mahitaji yalibadilika, na chuo nacho kikabadilika. Milango ilifunguliwa kwa watu wote, na 1966 kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, 2007 chuo kikuu kishiriki chini ya JKUAT, na Januari 2013 Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Sisi waandishi wa programu tungesema ni matoleo mapya ya mfumo uleule.

Lakini kila toleo lina gharama yake. Politekniki ya Kenya, Nairobi, nayo ilipanda ngazi miaka hiyohiyo, 2007 na 2013. Politekniki mbili kongwe zilizofundisha mafundi sanifu zikawa vyuo vikuu. Pengo lilibaki chini. Mwaka 2016 serikali ilipandisha taasisi nyingine kuwa politekniki za kitaifa, zikiwemo moja ya Mombasa na ile ya Kaskazini Mashariki, mjini Garissa. Piga hesabu: kutoka 1972 hadi 2016 ni miaka 44. Huo ndio muda ambao hadhi ya politekniki ilichukua kusafiri kutoka Mombasa hadi Garissa.

Je, chuo cha uhandisi cha umma kwa vijana wa Masalani kipangwe vipi? Kwa maoni yangu, kianze na maswali ambayo Waraka wa 1965 haukuuliza. Kwanza, ni mashine gani zinazoharibika hapa? Pampu za visima, injini za boti za Mto Tana, pikipiki, paneli za jua. Kaunti ya Garissa ina mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa 2019, kwa hiyo fundi wa umeme wa jua si ndoto.

Pili, kalenda ni ya nani? Mtoto wa mfugaji huhama na mifugo ukame ukizidi. Kozi ndefu isiyo na vituo itampoteza. Kozi fupifupi zenye vyeti humruhusu kurudi pale alipoachia. Tatu, nani atafundisha? Mpango unaotegemea walimu wa kutoka mbali peke yao huanguka siku wanapoondoka. Mhitimu wa leo aandaliwe kuwa mwalimu wa kesho.

Ukikutana na mpango mkakati wa chuo chochote, ruka kwanza ukurasa wa dira wenye maneno matamu. Nenda kwenye bajeti, utafute vipuri, mafuta ya jenereta na mafunzo ya walimu. Kama havimo, basi mashine zitafika, zitapigwa picha, kisha zitafunikwa turubai. Na kijana wa Masalani ataendelea kusafirisha pampu yake hadi Garissa ikatengenezwe na mtu mwingine.