Laini Tatu za Juba

Mwaka 2008, majirani wawili mjini Juba, kusini mwa Sudan ya wakati huo, waliweza kulala ukuta kwa ukuta huku simu zao zikiwa nchi mbili tofauti. Mwenye laini ya Gemtel alikuwa na namba inayoanza na +256, yaani Uganda. Mwenye laini ya Zain alikuwa na +249, yaani Sudan. Walipotaka kusemezana kwa simu, mitandao iliwahesabu kuwa watu walio ng'ambo, na mara nyingi simu haikupita kabisa kwa kuwa mitandao hiyo ilikuwa haijaunganishwa. Mwenye shughuli nyingi alibeba simu mbili, hata tatu, kila moja na vocha yake, kila moja na watu wake.

Maisha ya mitaa kama Mangateen, upande wa Gudele, hayaelezeki bila vocha hizo. Baada ya Mkataba wa Amani wa Januari 2005, uliomaliza vita vya kaskazini na kusini mwa Sudan, Juba ilifurika. Walirudi wakimbizi kutoka Kakuma nchini Kenya na Adjumani nchini Uganda, na waliohamishwa na vita kutoka Khartoum. Wakaja wafanyabiashara wa Uganda, Kenya, Ethiopia na Eritrea. Wakaja madereva wa malori kutoka Mombasa. Kiswahili chao kikakutana na Kiarabu cha Juba katika soko la Konyokonyo. Karibu kila mtu alikuwa ugenini au ndiyo kwanza ametoka ugenini, na karibu kila mtu alitumia simu ya kulipia kabla. Kampuni gani ingemkopesha maongezi mtu asiye na anwani wala akaunti ya benki?

Kabla ya hapo, sauti ilisafiri kwa taabu. Katika miaka ya vita, aliyekuwa Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, aliwatafuta ndugu zake kwa barua za Msalaba Mwekundu au kwa redio za masafa ya mbali zilizowekwa kwenye vituo vya misaada na ofisi za makanisa. Alipanga foleni, akasubiri wito, kisha akazungumza mambo ya nyumbani huku kila mwenye redio kwenye masafa hayo akisikia. Msiba, mahari, ugonjwa wa mtoto, yote yalipita hadharani.

Mwaka 2001 Thuraya, kampuni ya Falme za Kiarabu, ilianza kuuza huduma ya simu za setilaiti. Kifaa kile chenye antena nene kilienea kwa makamanda, kwa mashirika ya misaada, kisha kwa wafanyabiashara wachache waliokigeuza duka. Mteja alilipia dakika zake, akasimama uwanjani pasipo na mti wala paa, akampigia ndugu aliye Nairobi, Cairo au Omaha kule Marekani. Thuraya nayo ilikuwa na kadi za kulipia kabla, na kwa watu wengi wa kusini mwa Sudan hiyo ndiyo ilikuwa simu ya kwanza kuvuka mpaka. Dakika zilikuwa ghali, kwa hiyo watu walijifunza kusema mengi kwa maneno machache.

Simu za kawaida za mkononi zilikuwa na tatizo lao, na halikuwa la Juba peke yake. Mkataba wa kwanza wa kumruhusu mteja wa mtandao mmoja kutumia minara ya nchi nyingine ulifungwa mwaka 1992, kati ya Telecom Finland na Vodafone ya Uingereza. Uliwafaa waliolipa kwa ankara ya mwezi. Mtandao wa ugenini ulirekodi dakika, ukapeleka hesabu nyumbani, na deni likafuata baadaye. Mteja wa kulipia kabla hana baadaye. Fedha yake inakaa kwenye kompyuta ya kampuni iliyomuuzia laini, na kila anapobonyeza kitufe cha kupiga akiwa nchi nyingine, mnara wa kule lazima uulize nyumbani papo hapo: huyu ana salio? Linatosha dakika ngapi? Bila mitambo ya kuuliza na kujibu swali hilo kwa kasi, kampuni iliona usalama wake ni kumfungia. Baadhi ya mitandao ilitumia njia ya kuzunguka: mteja aliandika alama za nyota na namba anayoitaka, akakata, kisha mtandao wa nyumbani ukampigia yeye na kumuunganisha. Ilifanya kazi, ila kwa kuchelewa na kwa bei.

Gemtel ilipata jibu jingine kabisa. Ilipewa kibali na utawala wa kusini, ambao ulikuwa bado sehemu ya Sudan na haukuwa na msimbo wake wa simu. Badala ya kuomba namba za Khartoum, ikatumia za Uganda. Kwa aliyekuwa Kampala, namba ya 0477 ilipigwa kama namba nyingine yoyote ya Uganda, ingawa aliyeipokea alikuwa kando ya Mto Nile Mweupe, mamia ya kilomita kaskazini. Mwenye duka Juba aliyeagiza unga, saruji na bia kutoka Kampala alikuwa nayo laini hiyo. Mwenye mume jeshini au ndugu Omdurman alihitaji ile ya Sudan. Ilikuwa ramani ya siasa iliyochorwa ndani ya mifuko ya watu, miaka kadhaa kabla ya kura ya maoni ya Januari 2011 kuhusu uhuru wa kusini.

Afrika Mashariki ilikuwa na mfano wa zamani wa namba zisizojali mpaka. Shirika la Posta na Simu la Jumuiya ya kwanza lilikuwa moja kwa nchi tatu, na hata baada ya Jumuiya hiyo kuvunjika mwaka 1977, msimbo mfupi wa jirani ulibaki: 005 kwa kupiga Kenya, 006 kwa Uganda, 007 kwa Tanzania. Mawaziri waligombana, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa kwa miaka, lakini namba hizo zikadumu. Kusini mwa Sudan hakukuwa na nafasi katika mpango huo.

Hatua kubwa ilitoka kwa kampuni binafsi. Celtel ilianzishwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan, na mwaka 2005 iliuzwa kwa MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Septemba 2006 ikaunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania kuwa kama mmoja. Mteja wa Kampala aliyeshuka basi Nairobi alipiga kwa bei ya wenyeji, alipokea simu bila kukatwa kitu, na salio likiisha alinunua kadi ya Kenya dukani, akaikwangua, akaiingiza kwenye laini yake ya Uganda. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa jipya hasa, kwani lilimhusu muuza mitumba na kondakta, wala si meneja mwenye ankara ya ofisi. Umoja wa Ulaya ulichukua hadi Juni 2017 kufuta gharama za ziada kwa wasafiri wake wa ndani.

Washindani hawakulala. Mwaka 2007 Safaricom na washirika wake wa nchi jirani walileta mpango wao ulioitwa Kama Kawaida. Novemba mwaka huohuo mtandao mmoja wa Celtel ulipanuliwa hadi nchi 12, na Sudan ikiwemo, kupitia iliyokuwa Mobitel. Kwa Wakenya, Waganda na Watanzania waliokuwa wakifanya kazi Juba, hiyo ilikuwa habari njema kuliko nyingi zilizotangazwa na serikali. Laini ya nyumbani ilifufuka kwenye simu.

Haikudumu kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2010 Zain, jina jipya la MTC, iliiuzia Bharti Airtel ya India biashara zake za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Sudan haikuwamo katika mauzo. Kenya, Uganda na Tanzania zikavaa rangi nyekundu ya Airtel. Juba ikabaki na Zain. Mtandao uliokuwa mmoja ulikatwa mahali palepale ulipokuwa ukihitajika, kati ya Juba na majirani zake wa kusini, na kwa sababu zilizoamuliwa mbali sana na Nile.

Julai 9, 2011 Sudan Kusini ikawa nchi. Siku chache baadaye ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mawasiliano, likaipa msimbo +211. Namba hiyo ilikuwa imekaa bure jirani na ile ya Morocco, 212, na ndiyo maana haifanani na 249, 254 wala 256 za majirani. Kampuni za simu za Zain, MTN, Vivacell na Gemtel zilihamia +211, na hatimaye mji mmoja ukawa na msimbo mmoja. Furaha hiyo ilikuwa na upande wa pili: mama aliye Juba na mwanawe aliye Khartoum, waliokuwa wakipigiana kwa bei ya ndani ya nchi, sasa walitenganishwa na mpaka wa kimataifa hata kwenye simu.

Barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilika kwa lami mwaka 2012 kwa fedha za Marekani. Dereva aliyekuwa akikaa siku kadhaa kwenye matope sasa alifika mpakani kwa saa chache, na pale Nimule simu yake ilishika minara ya Uganda. Simu za laini mbili, hasa Tecno, zilikuwa zimeenea wakati huo. Zilikuwa jibu la kiwanda kwa tatizo ambalo wasafiri walikuwa wamekwisha kulitatua wenyewe kwa kubeba laini kwenye pochi.

Lakini mikataba ya kutumia laini ugenini hulipwa kwa fedha za kigeni, wakati mteja wa Juba anakwangua kadi ya pauni. Desemba 2015 pauni ya Sudan Kusini iliachiwa ielee, ikatoka karibu 3 kwa dola hadi karibu 18 kwa mara moja. Mashirika yaliyokusanya pauni na kudaiwa dola yalijikuta pabaya, na msafiri naye akaona salio linaloonekana kubwa Juba likiyeyuka mara avukapo mpaka kuingia Elegu, upande wa Uganda. Machi 2018 serikali iliifungia Vivacell ikiidai ada ya leseni ya dola milioni 66. Waliokuwa na laini zake walibaki na kadi za plastiki zisizoita, na waliokuwa nje ya nchi wakapoteza namba ambayo jamaa waliijua.

Kabla ya hayo, wakuu wa Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini walikuwa wamekwisha kukubaliana juu ya eneo moja la mtandao. Kenya, Rwanda na Uganda zilitangulia kulitekeleza, mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015: kupokea simu ugenini bila malipo, na kupiga ndani ya eneo kusizidi senti 10 za dola kwa dakika. Sudan Kusini, iliyokuwa vitani tangu Desemba 2013, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Ni haki kusema kwamba mpango huo ulikuwa mzuri, na kwamba uliwafikia kwanza wale ambao tayari walikuwa na njia.

Mangateen inaonyesha nani aliachwa nyuma. Mwaka 2018 baadhi ya watu waliokuwa wakihifadhiwa katika kituo cha Umoja wa Mataifa mjini Juba walihamishiwa huko, na mtaa ukawa pia kambi. Mtu wa kambi hana safari ya nje, lakini ndugu zake wote wako nje: Bidibidi, Kakuma, Gambella ya Ethiopia, Khartoum. Bidibidi, upande wa Uganda, ilifunguliwa Agosti 2016 na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watu zaidi ya 250,000. Hao walivuka mpaka na laini za +211 ambazo hazikuwa na thamani kule, kisha wakaambiwa kwamba laini ya Uganda husajiliwa kwa kitambulisho. Hadi mwaka 2019, mamlaka ya mawasiliano ya Uganda ilipokubali hati za ukimbizi, wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Mwenye jina alipoamua kuifunga laini, familia nzima ilipotea.

Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vimeleta msafara mwingine. Watu wanafika Renk, karibu na mpaka wa Sudan, kisha Juba, wakiwa na laini za +249. Laini hizo si za kupigia tu. Akaunti za benki, na programu ya Bankak ya Benki ya Khartoum ambayo Wasudani wengi hutumia kutumiana fedha, zimefungamanishwa na namba hizo. Februari 2024 mitandao yote mitatu mikubwa ya Sudan ilizimika. Swali la zamani likarudi kwa ukali wake wote: laini ya kulipia kabla iliyo ugenini lazima iulize nyumbani, na nyumbani hakukuwa na wa kujibu.

Mkongo wa intaneti kutoka Uganda ulifika Juba mwaka 2020, na WhatsApp imepunguza haja ya kununua dakika. Namba haijapunguza uzito wake. Kila programu hutuma tarakimu za uthibitisho kwenye laini, na huduma za fedha kama m-Gurush, iliyoanza Juba mwaka 2019, zinaitegemea laini hiyohiyo. Mitandao mingi nayo huifuta namba isiyotumika kwa miezi kadhaa na kumuuzia mtu mwingine.

Kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ya Sudan Kusini zina kazi ambayo haihitaji mitambo mipya. Zikubali hati ya mkimbizi kusajili laini katika kila nchi mwanachama. Zizuie kufutwa kwa namba ya mtu aliyevuka mpaka kwa sababu ya vita. Na bei ya kutumia laini ugenini itangazwe kwa pauni, kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiswahili, kwenye kila kibanda cha vocha, kuanzia Mangateen.