Waliofungua Njia ya Nyiragongo

Sisi wa Masisi na Walikale twajua taabu ya kwenda mwituni pasipo njia. Mwezi wa Juni 1894, Mdachi Graf von Götzen alipanda Nyiragongo, mlima wa moto wa mita 3,470. Njia haikuwapo, watu wake waliukata msitu kwa mapanga, wakapanda mpaka ukingo wa shimo la moto. Kisha msafara ukaelekea magharibi, ukapita misitu ya bonde la Lowa, ukafika mto Kongo. Mwaka 1901 Götzen akawa gavana Dar es Salaam. Lakini majina ya wapagazi wengi, waliobeba mizigo tangu Pangani, hayakuandikwa. Basi tukisimulia safari hiyo, tuwataje nao.